Parachichi Kukomaa Siyo Kuiva: Kreti 60 Zilizonifundisha Kazi



Wiki hii vijana watatu wameniuliza swali lilelile, mmoja yuko Soni, mwingine Lukozi na mwingine Mlola. "Bwana shamba, parachichi zangu nitazihifadhi vipi zisiharibike kabla sijapata mteja mzuri?" Swali ni zuri na nitalijibu. Ila kabla ya kufika ghalani naomba tuanzie shambani, kwa sababu huko ndiko mimi mwenyewe nilikokosea, na kosa langu lililipiwa na watu wengine.

Misimu miwili iliyopita kikundi cha vijana tisa wenye miti ya Hass huku kwetu Usambara kilipata mnunuzi. Bei yake ilikuwa nzuri kuliko ya madalali tuliowazoea, lakini alitaka mzigo ndani ya siku tatu. Vijana wakaniita. Nikapita shambani, nikaona matunda makubwa yamejaa mkononi, nikasikia na mashamba ya kule chini wameshaanza kuvuna. Nikasema, "Vuneni." Zikatoka kreti 60, kila moja kama kilo 20. Yaani zaidi ya tani moja.

Siku ya kumi simu ikapigwa. Matunda yalikuwa yamesinyaa ghalani kwa mnunuzi. Ganda limekunjamana, ndani nyama ngumu kama mpira, haina ladha wala mafuta. Hakulipa hata kreti moja, na kwa kweli sikuona la kumlaumu. Katika kikundi kile kuna dada mmoja aliyekuwa amekopa kwenye kikoba ili kulipia kreti na usafiri. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Bwana shamba, siku ile wewe uliangalia nini?"

Niliangalia ukubwa. Sikukata hata tunda moja.

Kukomaa ni kitu kimoja, kuiva ni kingine

Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa na tuyatumie vizuri. Parachichi hukomaa likiwa mtini, lakini haliivi mtini. Linaanza kuiva baada ya kuchumwa. Likiwa mtini linaendelea kujaza mafuta na maji yanapungua. Ukilichuma kabla halijakomaa, hata uliweke kwenye chumba cha baridi cha mamilioni, halitaiva vizuri. Ghala linatunza ubora uliotoka nao shambani, haliongezi hata chembe.

Mbona basi ukubwa unadanganya? Huku milimani mti wa Hass unaweza kutoa maua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo kwenye mti mmoja unakuta matunda yanayolingana kwa ukubwa lakini yamepishana umri kwa wiki nyingi. Pia kadiri unavyopanda juu kwenye baridi, tunda linachukua muda mrefu zaidi kukomaa. Mwenzako wa Soni akivuna leo, wewe wa Lukozi usimwige. Tarehe yake siyo tarehe yako. Hapo ndo mimi nilipoanguka.

Vipimo vinne kabla ya kuvuna

1. *Alama ya maua.* Miti ikichanua, funga utepe wa rangi kwenye matawi yaliyochanua kwa pamoja na uandike tarehe kwenye daftari. Maua ya mara ya pili, utepe wa rangi nyingine. Ni kazi ya nusu siku inayokuokoa msimu mzima.

2. *Kata uone kokwa.* Chuma matunda matano kutoka miti tofauti na pande tofauti za mti. Kata katikati. Ngozi ya kokwa ikiwa nene, nyeupe au ya njano na yenye majimaji, bado. Ikiwa nyembamba, kavu na ya kahawia kama karatasi ya kaki, tunda linaelekea vizuri.

3. *Liweke liive.* Chuma mengine matano, yaweke ndani kwenye kivuli, usiyaguse. Yaliyokomaa yanalainika sawasawa ndani ya wiki moja hadi mbili, na Hass inageuka kuwa nyeusi. Yakisinyaa au yakiwa kama mpira, rudi nyumbani ukasubiri. Kipimo hiki hakina gharama, shida yake ni kwamba kinataka uanze mapema, siyo siku mnunuzi ameshapaki gari.

4. *Pima ukavu.* Hiki ndicho wanachotumia wanunuzi wa nje. Chukua gramu 100 za nyama ya tunda bila ganda wala kokwa, kata vipande vyembamba sana, kausha kwenye oveni kwa moto mdogo bila kuunguza, ukipima mara kwa mara mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 24, ukavu wa tunda lako ni asilimia 24. Kiwango cha kimataifa kinachofuatwa Ulaya kinataka Hass isipungue asilimia 21, na wanunuzi wengi wanataka zaidi ya hapo. Mzani mdogo wa jikoni unatosha, na kikundi kinaweza kuchangia kununua mmoja.

Kwa parachichi zetu za kienyeji, zile kubwa zinazobaki kijani, msitegemee rangi. Tumieni kipimo cha pili na cha tatu.

Mti ndiyo ghala lako la kwanza

Jambo hili vijana wengi hawalijui. Hass iliyokomaa inaweza kukaa mtini wiki nyingi bila kuharibika, tena mafuta yakiongezeka. Dalali akikuletea bei ya kutupa, huna haja ya kukimbilia kuvuna eti yataoza. Vuna awamu kwa awamu, makubwa yaliyokomaa kwanza, madogo yaendelee.

Ila usilale. Ukiyaacha muda mrefu kupita kiasi yanaanza kudondoka, wezi wanakuona, na mti unachoka ukazaa kidogo msimu unaofuata. Ghala la mtini ni la kusubiri bei kwa akili, siyo la kusahau.

Siku ya kuvuna

Huku kwetu asubuhi kuna ukungu na umande. Usichume tunda likiwa limelowa, maana ganda lenye maji linachubuka kirahisi na ugonjwa wa chule unapata njia. Subiri umande ukauke, kisha maliza kabla jua halijawa kali. Siku ya mvua acha kabisa.

Kata kwa mkasi, usivute. Ukivuta kikonyo kinang'oka na kuacha kidonda, na kuoza kunaanzia hapohapo. Acha kikonyo kifupi tu, milimita chache, kwa sababu kirefu kinatoboa tunda la jirani. Matawi ya juu tumia mti mrefu wenye kisu na mfuko. Kutikisa mti ni marufuku. Tunda lililoanguka chini lisichanganywe na mengine hata kama linaonekana zima. Jeraha la parachichi halionekani siku ya kwanza, linaonekana siku mteja anapolikata na kukuta doa jeusi.

Weka kwenye kreti za plastiki safi, usijaze kupita ukingo, na kreti ikae kivulini, isikae juani wala kugusa udongo. Najua wengi bado tunafungasha kwenye viroba, na dalali anataka rumbesa. Fikiria tunda la chini kabisa kwenye rumbesa, limebeba uzito wote huo kwenye kona zote za kushuka Mombo. Unauza kilo nyingi kwa bei ya gunia moja, halafu robo yake inafika imepondeka, na msimu ujao anakuambia "parachichi za Lushoto hazidumu". Jina la wilaya yetu linaharibika hivyo.

Kushuka mlima

Lushoto mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini yetu kwa karibu mita 1,000. Kwa kawaida ukishuka mita 1,000 joto linaongezeka kama nyuzi sita. Kwa hiyo ndani ya kilomita zisizofika 40, tunda lako linatoka kwenye ubaridi na kuingia kwenye joto, na bado safari ya Dar es Salaam iko mbele. Joto ndilo linaloamsha tunda lianze kuiva.

Ukivuna asubuhi, acha mzigo upoe kivulini sehemu yenye hewa mpaka jioni, halafu gari lishuke usiku au alfajiri. Funika kwa turubai la rangi nyepesi lakini acha hewa ipite. Usipakie pamoja na ndizi mbivu, nyanya mbivu au pasheni. Matunda hayo yanatoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva, na kreti moja ya ndizi inaweza kukuamshia gari zima.

Kwa mzigo wa nje ya nchi mambo ni makali zaidi. Lengo ni tunda liingie kwenye baridi siku hiyohiyo ya kuvunwa. Meli kwenda Ulaya ni safari ya wiki kadhaa, na mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini, safari ikarefuka kwa takriban wiki mbili. Tunda lililochelewa kupoa shambani halivumilii safari hiyo.

Kuhifadhi sasa

*Bila umeme.* Chumba chenye kivuli, sakafu safi, madirisha ya hewa, kreti juu ya mbao. Mnaweza kujenga chumba cha mkaa: kuta mbili za waya wa kuku, katikati mkaa, juu bomba lenye matundu linalodondosha maji mkaa ubaki umelowa. Hewa ikipita kwenye mkaa uliolowa, ndani kunapoa kwa nyuzi kadhaa. Kinafanya kazi vizuri siku za ukavu kuliko siku za ukungu. Kinakupa siku chache za nyongeza, usikitegemee kwa mwezi.

*Kwenye chumba cha baridi.* Hass iliyokomaa lakini haijaiva inakaa kwenye nyuzi 5 hadi 7, na hewa yenye unyevu wa asilimia 85 hadi 95. Hapo inavumilia wiki mbili hadi nne. Msidhani baridi kali zaidi ni bora zaidi. Chini ya nyuzi 5 kwa muda mrefu tunda linaungua kwa baridi: ganda linapata madoa, nyama inakuwa ya kijivu, na haliivi sawasawa. Ndiyo maana parachichi gumu halifai friji ya nyumbani. Friji ni ya lililokwisha kulainika, litunzwe siku mbili tatu.

*Kuivisha kwa soko la karibu.* Ukiwa na hoteli au mama lishe wanaotaka yaliyoiva, tenga idadi yao tu. Weka kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu chache, sehemu ya nyuzi 18 hadi 20, yakague kila siku. Joto likizidi nyuzi 30 yanaiva vibaya na kuoza upesi. Kukagua usiminye kwa kidole gumba, shika kwa kiganja chote na usikilize ulaini karibu na kikonyo.

Kila siku pita ghalani. Lililooza litoke, lililolainika liuzwe kwanza. Andika tarehe ya kuvuna kwenye kila kreti.

Yule dada

Kikundi kile hakikuvunjika, ingawa ilichukua msimu mzima kulipa deni la kikoba. Mimi niliwaomba radhi mbele ya wote, nyumbani kwa mwenyekiti wao, na haikuwa rahisi kwa mtu aliyezoea kuitwa bwana shamba.

Msimu uliopita alikuja mnunuzi mwingine, naye na haraka zake. Nilipofika shambani nikamkuta yule dada ameshakata matunda matano, ameyapanga kwenye sinia na daftari la tarehe pembeni. Kokwa tatu zilikuwa za kahawia, mbili bado nyeupe. Yule mnunuzi akanigeukia mimi, "Mtaalamu, si yamekomaa haya? Tazama yalivyo makubwa!" Kabla sijafungua mdomo dada akamjibu, "Kaka, rudi baada ya wiki tatu." Jamaa akaondoka amenuna. Wiki tatu baadaye alirudi, wakapima tena, wakavuna, wakalipwa kreti zote.

Basi kazi yako ya wiki hii ni ndogo. Kabla hujampigia mtu yeyote simu, chukua kisu, nenda shambani, kata matunda matano. Na afisa ugani akija kwako akasema "vuneni" kwa kutazama juu ya mti tu, hata kama ni mimi, mpe kisu akate kwanza.

Tukutane shambani.