Dozi Moja ya Chanjo ya Kipindupindu: Je, Ulipunjwa?

Ndugu msomaji wa Bilpam na mitaa mingine ya Juba,

Huenda umewahi kupanga foleni ya chanjo ya kipindupindu, ukanywa dozi moja, kisha jirani akakuambia: "Mmepunjwa, chanjo hiyo ni dozi mbili." Je, ni kweli?

Chanjo hii ya kunywa ilitengenezwa itolewe mara mbili, kwa kupishana siku 14 au zaidi. Miongozo yake hutolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa ushauri wa kamati ya wataalamu wa chanjo. Mwongozo mmoja ulitoka mwaka 2010, na uliofuata ukatoka Agosti 2017.

Lakini ugonjwa haungoji kikao. Juni 2015 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Juba, na chanjo ilikuwa chache duniani kote. Akiba ya dunia, iliyoanzishwa mwaka 2013, husimamiwa na kundi la mashirika manne: WHO, UNICEF, Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF). Nchi ikiomba chanjo, kundi hilo hupima ombi na kujibu ndani ya siku chache.

Hesabu ilikuwa hii: chanjo ya kuwatosha watu 100 kwa dozi mbili huwafikia watu 200 kwa dozi moja. Ikaonekana ni afadhali kuwakinga wengi upesi. Juba ikapewa dozi moja.

Je, wataalamu waliishia hapo? Hapana. Watafiti walilinganisha wagonjwa na wakazi wengine wa mji, wakiuliza nani alichanjwa na nani hakuchanjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: katika miezi miwili hivi ya kwanza, dozi moja ilipunguza hatari ya kuugua kwa karibu asilimia 87. Mwaka huohuo, utafiti wa Bangladesh ulionyesha upungufu wake: watoto wa chini ya miaka 5 hawakukingwa vya kutosha kwa dozi moja.

Kwa hiyo mwongozo wa 2017 ulikubali dozi moja wakati wa mlipuko, na dozi ya pili ifuate hatari ikiendelea. Oktoba 2022 chanjo ilipopungua tena, kundi lile lilisimamisha kwa muda dozi ya pili katika nchi zenye mlipuko. Safari hii walikuwa na ushahidi mkononi, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa watu wa Juba.

Basi hukupunjwa, ndugu msomaji. Lakini kinga uliyopata ni ya muda. Tafadhali zingatia haya:

- Tunza kadi yako ya chanjo. Bila kumbukumbu, wataalamu hawawezi kujua kama chanjo inafanya kazi.
- Dozi ya pili ikitangazwa, nenda, na upeleke watoto wenye umri wa mwaka 1 na zaidi.
- Kunywa maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.
- Ukiharisha maji maji, anza kunywa maji ya chumvi na sukari (ORS) mara moja, na wahi kituo cha afya, hata kama ulichanjwa.

Chanjo na usafi ni ndugu wawili. Usimwache mmoja nyumbani.