Utumbo Ulioziba na Picha ya Sumaku

Mama mjamzito akitapika, jamaa zake hawashtuki. Husema ni hali yake, wakampa uji na kumshauri ajilaze. Lakini ikiwa mama huyo aliwahi kupasuliwa tumbo, na sasa tumbo linamnyonga kwa vipindi, linajaa, hapati choo wala hatoi upepo, hiyo si hali ya mimba. Yamkini utumbo umeziba.

Utumbo huziba kwa njia nyingi. Makovu ya upasuaji wa zamani huweza kuyagandisha matumbo. Ngiri huweza kukaba kipande cha utumbo. Na utumbo mpana huweza kujisokota, jambo ambalo huku Afrika Mashariki huwapata zaidi wanaume watu wazima wa vijijini. Damu isipofika kwenye kipande kilichokabwa, kipande hicho huoza na kutoboka, tena kwa muda wa saa chache tu.

Daktari huanza kwa mikono yake: hupapasa tumbo, husikiliza, hutazama makovu na kinena. Kisha huja eksirei. Katika hospitali kubwa kipimo cha CT ndicho kitumikacho zaidi, kwa kuwa ni cha haraka. Ila vyote viwili hutumia mionzi. Kwa hiyo mjamzito, ultrasaundi isipotoa jibu, aghalabu hupelekwa kwenye MRI.

Kipimo hiki hakina mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio, na picha hutokana na haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, walioweka msingi wake katika miaka ya 1970, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Maji yaliyokwama ndani ya utumbo hung'aa pichani, basi daktari huona ulipotanuka na uliposinyaa. Mpakani hapo ndipo penye kizuizi. Bangili, pini na hirizi ya chuma huachwa nje, hata kama mwenye hirizi atanung'unika.

Mgonjwa wa Meatu au Itilima huanzia zahanati, akafika hospitali ya wilaya au ya mkoa mjini Bariadi. Akihitaji uchunguzi mkubwa zaidi, hupitia Lamadi na Magu hadi Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Safari hiyo si ya kila mgonjwa. Mwenye homa, moyo unaokwenda mbio na tumbo gumu kama ubao hangojeshwi picha yoyote; hupasuliwa na daktari mpasuaji aliye karibu.

Nyumbani asipewe chakula, wala mafuta ya nyonyo, wala dawa nyingine ya kuharisha, maana huusukuma utumbo dhidi ya kizuizi na huweza kuupasua. Na mara mfikapo, mwelezeni daktari kama aliwahi kupasuliwa, maumivu yalianza saa ngapi, na kama ana mimba.