Shabunda: Hesabu za mwaka wa mwisho, kati ya ubao na machimbo

SHABUNDA, Kivu Kusini – Mwanafunzi wa math-physique aliye mwaka wa mwisho hapa ana mitihani miwili. Wa kwanza ni Examen d'État, unaojulikana na kila mtu tangu 1967. Wa pili hauandikwi popote: kubaki darasani hadi mwisho wa mwaka, wakati vijana wa rika lake wako machimboni na wanarudi na pesa mfukoni.

Shabunda ndiyo tarafa kubwa kuliko zote za Kivu Kusini: zaidi ya kilomita za mraba 25 000, karibu sawa na Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni msitu. Dhahabu iko kando ya mto Ulindi. Barabara ya kutoka Burhale ni matope, na uwanja wa ndege wa Kavumu, uliokuwa mlango wa ndege ndogo, uliangukia mikononi mwa M23 Februari 2025. Kitabu cha hesabu hulipiwa usafiri kama saruji au chumvi.

Shule ya kanisa, programu ya Serikali

Serikali ilizitaifisha shule za makanisa mwishoni mwa 1974, kisha ikayarudishia makanisa usimamizi kwa mkataba wa 26 Februari 1977. Tangu hapo kanisa linasimamia shule, lakini programu, inspekta na diploma ni vya Serikali. Siku inaweza kuanza kwa sala, lakini integrali inayofundishwa kwa Wakatoliki ni ileile ya CEPAC, ya CELPA na ya shule rasmi.

Mwaka huo wazazi wengi bado wanauita "sixième". Jina lake la leo ni mwaka wa nne wa humanités. Mwanafunzi anakutana na logaritimu, namba kompleksi, koniki na integrali. Yote yanasimama juu ya limiti na derivee. Aliyeruka derivee kwa sababu mwalimu alihama katikati ya mwaka, atapotea kwenye integrali hata akiwa na akili nyingi.

Kuna pia shida ya lugha. Somo ni kwa Kifaransa, na mtoto anaongea Kilega nyumbani na Kiswahili sokoni. Lakini mto Ulindi unaweza kusaidia. Maji yakipanda kutoka mita 2 saa kumi na mbili asubuhi hadi mita 2,6 saa tatu, yamepanda kwa wastani wa sentimita 20 kila saa. Mwenye mtumbwi hataki wastani. Anataka kujua maji yanapanda kwa kasi gani dakika hii anapotaka kuvuka. Hiyo ndiyo derivee. Na ukiijua kasi ya kila dakika, ukaijumlisha tangu asubuhi, unapata maji yamepanda kiasi gani. Hiyo ndiyo integrali.

Kubahatisha hakulipi

Wengine wanajipa moyo kwamba Examen d'État ni kuchagua jibu tu. Tufanye hesabu. Chukua maswali 20, kila moja likiwa na majibu matano na moja tu la kweli. Anayebahatisha atapata, kwa wastani, 4. Nafasi ya kufikisha 10, yaani nusu ya alama za somo hilo, ni chini ya 3 kwa 1000. Uwezekano huo mwanafunzi mwenyewe angeweza kuukokotoa, kama angefundishwa.

Nani amfundishe? Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inahusu shule ya msingi. Sekondari bado iko mgongoni mwa mzazi, na walimu wanaoitwa "N.U.", ambao Serikali haijaanza kuwalipa, wanaishi kwa michango hiyo. Bei ya dhahabu ikishuka, au barabara ikifungwa na watu wenye silaha, mchango unakatika. Mwalimu wa hesabu naye anajua kupima tola. Machimbo yanamwita kama yanavyomwita mwanafunzi wake.

Hapo ndipo hasara inapojizungusha. Walimu wa hesabu wa kesho watatoka kwa wafinalisti wa leo watakaofika ISP Bukavu na kukubali kurudi. Shule isiyofikisha hata mmoja inaomba mwalimu kutoka mjini, na wa mjini hapendi kuja msituni bila mshahara.

Yapo yasiyongoja Kinshasa. Shule mbili jirani, hata za makanisa tofauti, zinaweza kushirikiana mwalimu mmoja wa mwaka wa mwisho na kugawana mchango wake. Kamati ya wazazi inaweza kununua maswali ya miaka iliyopita na kutoa nakala. Na Septemba, kabla ya kufungua sura ya kwanza, wiki mbili za kurudia derivee zitaokoa miezi.

Mzazi mwenye mtoto mwaka huu, fungua daftari lake la hesabu jioni. Huhitaji kujua integrali. Tazama tu tarehe ya somo la mwisho. Kama imepita wiki tatu, kesho nenda kamwone prefe.