UZI: Ile "sola mpya ya kupaka kama rangi" inayotajwa majukwaani, ni kweli ama ni hewa?

Kama kawaida ya hapa: hatutaji mheshimiwa yeyote, hatutaji chama. Tunachukua hoja, tunaifungua, tunaangalia ndani kuna nini.

Leo ni sola. Kutoka Kitale hadi Bungoma, mwanasiasa akipanda juu ya gari siku hizi hashuki kabla ya kugusa bei ya mbolea, barabara na stima. Kwenye stima utasikia watu wa aina nne. Wa kwanza anasema tusinunue paneli za sasa, zimepitwa na wakati, kuna kitu kipya kinaitwa perovskaiti. Wa pili anasema tutajenga kiwanda chetu, madini si tunayo? Wa tatu anasema hizo paneli mpya zina sumu ya risasi, zitamaliza watoto. Wa nne hasemi mengi, anazindua mulika mwizi sokoni, anapigwa picha, anaenda.

Hao watatu wa kwanza kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Ndiyo maana wanapigiwa makofi. Twende polepole.

Perovskaiti ni jina la jiwe. Lilipatikana milima ya Ural, Urusi, na mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose akalipa jina la Mrusi Lev Perovski. Lakini msifikirie watu wanachimba jiwe hilo na kulibandika kwenye paa. Kinachotumika kwenye sola ni chumvi za kutengenezwa maabara, ambazo chembe zake zimejipanga kwa mtindo uleule wa jiwe lile. Iliyo maarufu zaidi ina ayodini na risasi, na hapa nasema risasi ya betri, si ya bunduki.

Mwaka 2009 mtafiti Mjapani Tsutomu Miyasaka na wenzake walitoa seli ya sola ya namna hii iliyogeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa stima. Kidogo sana, hakuna aliyeshtuka. Leo seli za perovskaiti za maabara zimepita asilimia 26. Silikoni, ile ya paneli unazoziona kila mahali, ilianza na asilimia 6 mwaka 1954 na ikahitaji zaidi ya miaka 60 kufika hapo. Huyu mgeni amekimbia njia hiyo kwa miaka kumi na kitu. Kwa hivyo anayesema "kuna teknolojia mpya" hadanganyi.

Asilimia ni nini hasa? Jua la saa sita mchana bila mawingu hutupa karibu wati 1,000 kwa kila mita mraba. Paneli ya asilimia 20 inakupa wati 200 kutoka mita hiyo. Ya asilimia 25 inakupa 250. Shika hizo namba, tutazirudia.

Na ile ya "kupaka kama rangi"? Pia ina ukweli. Silikoni ni kipande kinachokatwa kutoka kwenye bonge, unene wake kama nywele mbili za kichwa. Bonge lenyewe hutokana na kuyeyusha silikoni kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Perovskaiti huyeyushwa kwenye dawa ya maji, ikapakwa juu ya kioo kama wino, ikakaushwa kwa nyuzi 100 hadi 150 hivi. Mandazi huiva kwa moto mkali kuliko huo. Unene wake ni nusu ya elfu moja ya milimita, yaani silikoni ni nene kuliko hiyo karibu mara 300.

Sasa sehemu ambayo jukwaani hamtaisikia kamwe, na ndiyo inayobeba kazi. Ile filamu ya perovskaiti peke yake haina faida. Mwanga ukiipiga, elektroni zinang'oka na kuacha mapengo. Zisipotenganishwa haraka zinarudi zilikotoka, na stima hupati. Kwa hivyo juu na chini yake wanaweka filamu nyingine nyembamba zaidi, nyingi zikiwa oksidi: oksidi ya titani au ya bati upande mmoja, mara nyingine oksidi ya nikeli upande wa pili. Kazi yake ni ya askari wa geti. Elektroni zipite huku, mapengo yapite kule, hakuna kurudi nyuma. Geti likiwa na matundu, seli nzima inavuja hata kama perovskaiti yenyewe ni safi.

Kuna na oksidi nyingine inayofanya kitu cha ajabu: inapitisha mwanga kama kioo na inapitisha stima kama waya. Usidhani ni mambo ya mbali. Kioo cha simu unayosomea uzi huu, karibu kwa hakika, kina filamu kama hiyo ya oksidi ya indiamu na bati. Ndiyo inayojua kidole chako kimegusa wapi.

Basi kama ni nzuri hivyo, mbona hazijajaa madukani Kitale?

Kwa sababu ni chumvi. Mtu wa Bungoma ataelewa hili haraka kuliko profesa: weka sukari guru wazi jikoni mwezi wa Mei uone. Itatoa jasho, itanata, itapoteza umbo. Perovskaiti inaogopa unyevu vivyo hivyo. Joto pia inaliogopa, na hewa, na hata lile jua lenyewe linaloifanyia kazi huichosha. Sehemu zetu mvua inaanza Machi au Aprili na inaendelea miezi, na Trans Nzoia mvua ya mawe si hadithi. Lazima ifungwe kati ya vioo viwili, kingo zizibwe kabisa. Tundu dogo likiingiza maji, basi.

Paneli za silikoni huja na waranti ya miaka 25 kwa uzalishaji, na zipo zilizokaa juani zaidi ya hapo. Kipimo kimoja cha kimataifa huweka paneli kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Hiyo ni chini ya miezi miwili, si miaka 25. Ni mtihani wa kuingia, si cheti cha kumaliza. Rekodi zile za asilimia 26 nazo nyingi hupimwa kwenye seli ya ukubwa wa ukucha. Kutoka ukucha hadi paneli ya kufunika mlango ni safari ndefu.

Wanaofanya biashara kweli wamechagua ndoa: perovskaiti juu, silikoni chini. Fikiria chekeche mbili za mahindi, moja juu ya nyingine. Ya juu inashika mwanga wa buluu, ya chini inashika mwekundu uliopenya. Silikoni peke yake haiwezi kuvuka takriban asilimia 29, hiyo ni sheria ya fizikia. Ndoa hii imepita asilimia 34 maabara. Septemba 2024 kampuni ya Oxford PV, yenye kiwanda Ujerumani, ilitangaza kutuma paneli zake za kwanza za kibiashara kwa mteja Marekani, za asilimia 24.5. Linganisha na paneli nzuri ya kawaida ya asilimia 20 hadi 22. Tofauti ipo, lakini si ya kukufanya ulale gizani miaka mitano ukingoja.

Hapa ndipo hoja ya "tusinunue za sasa" inaanguka. Mkulima wa Kwanza ama wa Chwele hana shida ya nafasi kwenye mabati. Zile wati 50 za ziada kwa mita anazipata kwa kuongeza paneli kidogo. Kinachomsumbua ni betri inayokufa, inveta ya bei rahisi, na fundi aliyefunga kisha akabadilisha laini ya simu. Perovskaiti haitibu hata moja kati ya hayo. Mwenye paa dogo la duka la kukodi mjini, huyo ndiye ana sababu ya kuingoja.

Wakenya tumeshapita njia hii, ila watu wamesahau. Miaka ya 1990 nchi hii ilijaa sola ndogo za wati 12 hadi 14 za silikoni isiyo na fuwele. Nazo zilikuwa filamu nyembamba, kioo chake kimepakwa oksidi ya bati! Watu walizinunua kwa pesa taslimu dukani, pole pole, wengi ili waache kubeba betri ya gari hadi mjini kuchajiwa, na waangalie televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe. Kufikia mwaka 2000 zaidi ya nyumba laki moja zilikuwa na sola, kwa sehemu kubwa bila serikali kuwashika mkono. Ni moja ya hadithi bora za biashara ya kawi Afrika, na haikuletwa na jukwaa lolote.

Lakini aina ile ilikuwa na tabia: ikiwekwa juani miezi ya kwanza, inapoteza sehemu ya nguvu, hata asilimia 15 hadi 30, halafu inatulia. Muuzaji mwaminifu aliandika nguvu ya baada ya kutulia. Watafiti walipopima paneli zilizokuwa sokoni Kenya mwaka 1999, chapa kadhaa zilifika karibu na kilichoandikwa. Moja ilikuwa chini mno. Mnunuzi angejuaje? Taa inawaka, stika inasema 14, nani ana kipimo nyumbani? Miaka michache baadaye wakapima tena, chapa dhaifu zikawa zimeingia upya. Perovskaiti ikifika Biashara Street kabla ya vipimo vyetu kuwa tayari, tutauziwa stika tena.

Sasa sumu. Hesabu ni rahisi. Filamu ya unene ule kwa mita mraba ina uzito wa gramu 2 hivi, na risasi ni kama theluthi yake. Chini ya gramu moja. Betri ya gari, ile iliyo chini ya meza kwenye nyumba nyingi za sola, ina risasi ya kilo kadhaa, mara nyingi kama 10. Kwa hivyo mheshimiwa anayelia kuhusu perovskaiti na hajawahi kuuliza betri zilizokufa za wadi yake zinaenda wapi, ana lake.

Hiyo haimaanishi gramu moja si kitu. Risasi ya kwenye chumvi huyeyuka kwa maji, paneli ikipasuliwa na mvua ya mawe inaweza kushuka kwenye tangi la maji ya paa. Ni haki kudai kinga. Ila tukumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Pale watu walidhuriwa na mtambo wa kuyeyusha betri kuukuu, paneli hazikuhusika. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa zikafuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikarudisha hukumu hiyo. Miaka yote hiyo kwa ajili ya betri.

Kiwanda je? "Titani tunayo Kwale." Tulikuwa tunachimba, ndiyo, tangu 2013 hadi mgodi ulipofungwa Desemba 2024. Lakini filamu ya oksidi ya titani kwenye seli moja ya mita mraba inahitaji kama gramu 0.2. Gunia moja la kilo 50 lingetosha mita mraba 250,000. Mchanga si kizuizi na haujawahi kuwa. Kizuizi ni usafi wa kemikali, mashine, na watu wanaojua kupaka filamu bila tundu. Watu hao tunaweza kuwapata: Chuo Kikuu cha Nairobi kimefanya utafiti wa filamu za oksidi kwa miaka mingi, na Bungoma wana Kibabii, iliyopata hati yake 2015. Anayetaka kiwanda kweli aulizwe ametenga ngapi kwa maabara. Na kama ni kuunganisha paneli tu, Naivasha kumekuwa na kiwanda tangu 2011, si ndoto.

Kuna lalamiko moja halali naona linapuuzwa. Mradi wa sola wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, ni wa kaunti 14. West Pokot imo. Ukivuka mpaka kuingia Trans Nzoia, haimo, na Bungoma haimo. Sababu iliyotolewa ni kwamba zile 14 zimeachwa nyuma zaidi, na kwa wastani wa kaunti ni kweli. Lakini wastani haumulikii nyumba ya mteremko wa Mlima Elgon. Kijiji cha Kopsiro hakiishi kwenye wastani.

Ndiyo maana Sheria ya Kawi ya 2019 ina maana kuliko perovskaiti kwa sasa. Inataka kila serikali ya kaunti iandae mpango wake wa kawi. Mkiitwa kwenye kikao cha maoni ya wananchi, ombeni huo mpango muuone kwa macho. Ulizeni zahanati ngapi hazina stima ya kuaminika na zipi zinaanza. Kwenye zabuni ya sola ulizeni nguvu iliyoandikwa imepimwa na nani, waranti inadaiwa kutoka kwa nani mwenye ofisi Kenya, fundi ana leseni ya EPRA, na betri ikifa mwaka wa nne pesa ya mpya iko kwenye bajeti gani. Hilo la mwisho ndilo huzima mulika mwizi nyingi za sola. Paneli bado iko juu, inameremeta, na chini yake mama mboga amewasha tochi ya simu.