Radhi ya Australia kwa Waliolelewa Makaoni
Tarehe 16 Novemba 2009, mjini Canberra, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi, kwa niaba ya taifa, takriban watu 500,000 waliolelewa katika karne ya 20 kwenye makao ya watoto, yaani nyumba za malezi zilizoendeshwa na serikali, makanisa na mashirika ya hisani, pamoja na maelfu waliosafirishwa kutoka Uingereza, ambao baadhi yao waliambiwa kuwa wazazi wao wamekufa ilhali walikuwa hai. Katika makao hayo wengi walipigwa na kudhalilishwa kingono, na wengine waliitwa kwa namba badala ya majina, ukatili usiostahili kamwe kuitwa malezi. Fidia ilichelewa mno: mpango wa kitaifa, unaowahusu waliodhalilishwa kingono tu, ulianza Julai 2018, wakati wengi walikuwa wamekwisha kufariki.