Mwalimu na Mzazi

Iyula iko Mbozi, katika mkoa wa Songwe, nchi ya kahawa. Kahawa ikiiva haingoji. Ikikawia kuchumwa huanguka na kuharibika. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2001, lakini mikono ya mtoto ingali yatakiwa shambani.

Basi mwalimu afanyeje, akiona mwanafunzi hayupo? Akimwita mzazi ili amkemee, hatapata ila hofu. Heri aende nyumbani, apige hodi, aulize kwanza habari za mavuno, kisha aonyeshe daftari la mtoto. Ndipo watapatana: asubuhi masomo, jioni kahawa. Hivyo mzazi hapotezi mavuno, wala mtoto hapotezi somo.

Nawe mwanafunzi, ukitumwa na mmoja kwa mwenzake, fikisha neno lote, usifiche.