SINEMA ZA KRISMASI: NI PICHA IPI ISTAHILIYO NAULI?

Kila mwaka, shule zikisha fungwa na mvua za vuli zikielekea kwisha, watoto wa Lukenya huanza kuuliza swali lile lile: je, Krismasi hii tutakwenda Nairobi kutazama sinema? Kwa mtoto, hilo ni swali la furaha tu. Kwa baba na mama ni swali la hesabu, maana nyuma ya Desemba anasimama Januari, na Januari huja na karo, sare na vitabu. Jamaa nyingi zaweza kumudu safari moja tu katika likizo nzima. Kwa hiyo picha itakayochaguliwa haina budi kuchaguliwa kwa akili.

Maelezo haya yanaeleza kwa nini picha kubwa huja kwa wingi mwisho wa mwaka, na namna mtu awezavyo kuzipima kabla ya kutoa fedha yake.

ZAMANI HAPAKUWA NA KUCHAGUA

Wazee wa Ukambani wakumbuka siku ambazo sinema ilikuja kwa gari. Jioni gari lilisimama uwanjani, shuka jeupe likatundikwa, mashine ikanguruma, na watu wakaketi chini kutazama picha waliyoletewa, wawe wameipenda au hawakuipenda. Desturi hiyo ilianza zamani katika nchi hizi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanywa kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Picha fupi zilitengenezwa juu ya afya, kilimo na kuweka akiba katika posta, kisha zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Sauti yake ilitoka katika sahani za santuri. Watazamaji hawakuchagua.

Baadaye mjini Nairobi yalisitawi majumba ya sinema ya kiingilio. Mengi yamekwisha fungwa, na baadhi yaligeuzwa kuwa maduka au nyumba za ibada. Hata hivyo majina hayakufa: abiria bado husema anashuka Odeon, na dereva bado huzunguka katika mzunguko wa Globe Cinema. Kando ya barabara ya Mombasa kulikuwa na Belle Vue, mahali ambapo watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari yao, nalo limekwisha. Siku hizi majumba mengi ya Nairobi yamo ndani ya majengo makubwa ya maduka, na kila jumba lina vyumba kadhaa vyenye picha mbalimbali. Mtazamaji wa leo anao uhuru wa kuchagua ambao babu yake hakuwa nao. Lakini mwenye uhuru wa kuchagua anao pia uhuru wa kukosea.

KWA NINI DESEMBA?

Watengenezaji wakubwa wa picha wa Marekani hupanga tarehe kama mkulima apangavyo kupanda. Wajua kwamba tangu mwisho wa Novemba hadi Mwaka Mpya watoto wako nyumbani, na watu wazima wana nafasi. Basi huweka akiba picha zao za gharama kubwa mpaka majira hayo. Titanic ilitolewa Marekani mwezi wa Desemba mwaka 1997, Avatar Desemba 2009, na Spider-Man: No Way Home Desemba 2021.

Sababu ya pili ni tuzo. Picha itakayo kushindania tuzo za Oscar za mwaka fulani kwa kawaida lazima iwe imeonyeshwa katika majumba ya Marekani ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo nyingine huharakishwa zitoke kabla ya tarehe 31 Desemba.

Matokeo yake ni kwamba picha nyingi hugombea vyumba vichache kwa wakati mmoja. Mwenye jumba hutazama fedha za siku za kwanza. Picha isiyovuta watu hunyang'anywa saa nzuri na kupewa saa mbaya, kisha huondolewa kabisa. Ndiyo sababu picha iliyotoka Novemba yaweza kuwa imebaki na onyesho moja tu la usiku ifikapo Krismasi. Mtu asisafiri kwa kutegemea ratiba ya juma lililopita. Ratiba na itazamwe siku ile ile, au jumba lipigiwe simu.

MFANO WA JAMAA MOJA

Chukua mfano wa jamaa ya Lukenya katika Krismasi ya mwaka 2024. Baba anafanya kazi katika kiwanda cha saruji huko Athi River. Mama ana kibanda cha mboga. Watoto ni watatu: msichana wa miaka 6, msichana wa miaka 11, na mvulana wa miaka 17. Tena yuko susu, mama yake baba, aliyekuja kula Krismasi na wajukuu wake. Jumla ni watu sita.

Picha zilizotoka duniani majira hayo zilikuwa nyingi. Moana 2 ilitoka Novemba, nayo ni ya dakika 100. Wicked, yenye nyimbo nyingi, ilitoka pia Novemba, nayo ni ya dakika 160. Pushpa 2, picha ya Kihindi ya lugha ya Kitelugu, ilitoka mwanzoni mwa Desemba, nayo inapita saa tatu. Kraven the Hunter ilitoka katikati ya Desemba. Mufasa: The Lion King ilitoka tarehe 20 Desemba, nayo ni ya dakika 118.

Mvulana alikwisha chagua. "Baba," alisema, "mimi nataka Kraven. Hizo nyingine ni za watoto."

Baba hakumkaripia. Alimwambia, "Vema. Lakini sisi ni sita, na safari ni moja. Tuzipime zote kwa mizani moja, yako nayo ikiwamo."

Mizani hiyo ndiyo inayofaa kila jamaa. Ina mambo matano.

KWANZA: INAMFAA NANI?

Katika Kenya, picha hukaguliwa na Kenya Film Classification Board kabla ya kuonyeshwa kwa watu, nayo hupewa alama. GE maana yake yafaa watu wote. PG maana yake mzazi awe karibu kumwongoza mtoto. Alama za 16 na 18 zaonyesha umri ambao mtu chini yake haruhusiwi. Alama hiyo si pambo la tangazo. Ndilo jambo la kwanza la kusomwa, kabla ya jina la mchezaji.

Kraven the Hunter ni picha ya mauaji na damu nyingi. Hata Marekani kijana wa chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hana mahali katika chumba hicho. Hapo picha ya mvulana iliondoka katika mizani, na sababu yake aliiona mwenyewe.

Wala mtu asidhani kwamba picha ya nyumbani ni ya watoto kwa kuwa ni ya nyumbani. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ni picha ya sifa sana. Yaeleza habari za kijana wa mashambani aliyekwenda Nairobi akitaka kuwa mchezaji, akaangukia mikononi mwa wezi. Ni funzo kubwa kwa mtu mzima, lakini si ya mtoto mdogo. Supa Modo ya mwaka 2018, ya Likarion Wainaina, yahusu msichana mgonjwa ambaye kijiji kizima chaungana kumtengenezea sinema. Hiyo jamaa yaweza kuitazama pamoja, ingawa itawaliza.

PILI: ITAKWISHA SAA NGAPI?

Urefu wa picha ni jambo la usafiri. Picha ya dakika 200 ikianza saa kumi na moja jioni, pamoja na matangazo ya mwanzo, itakwisha karibu saa mbili na dakika arobaini usiku. Baada ya hapo jamaa itafute matatu ya barabara ya Mombasa, na Desemba kila mtu anasafiri na nauli hupanda. Mtoto amelala begani, susu amechoka, na utamu wa sinema umeisha kabla ya kufika nyumbani.

Onyesho la saa tano asubuhi la picha ya dakika 118, likiongezewa matangazo ya dakika 20, hukwisha saa saba na dakika kumi na nane. Jamaa hurudi Lukenya jua lingali juu.

TATU: SAFARI NZIMA NI KIASI GANI?

Watu wengi huuliza bei ya tiketi tu. Kosa ndilo hilo. Kwa mfano wa hesabu, tuseme tiketi ni shilingi 600, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 300 kwa mtu, na chakula ni shilingi 200. Watu sita watalipa tiketi 3,600, nauli 1,800 na chakula 1,200. Jumla ni shilingi 6,600, na karibu nusu yake haikuingia katika picha hata kidogo.

Bisi na soda za jumba la sinema huuzwa kwa bei ya juu, maana fedha ya tiketi mwenye jumba hugawana na mwenye picha, lakini faida ya bisi ni yake mwenyewe. Jamaa iliyokula vizuri kabla ya kuingia huokoa fedha. Tena miwani ya picha za 3D yaweza kuongeza bei, na watoto wengine huumwa na macho wakiivaa. Baadhi ya majumba hupunguza kiingilio siku za katikati ya juma au asubuhi. Ni vema kuuliza.

NNE: JE, YAHITAJI PAZIA KUBWA?

Picha zote hazifanani. Ile yenye nyika pana, wanyama, bahari au vita vya angani hupotea nusu ya uzuri wake ikitazamwa katika simu. Ile ya watu wawili wakizungumza sebuleni haipotezi kitu ikitazamwa baadaye katika televisheni. Kusubiri si kukosa. Picha nyingi hufika majumbani kwa njia ya halali baada ya muda si mrefu. Kwa hiyo nauli itumiwe kwa picha ambayo nyumbani haiwezi kuonekana vile.

TANO: NI HADITHI KAMILI?

Mara nyingi tangazo halisemi kwamba picha ni nusu ya hadithi. Wicked ya mwaka 2024 yaishia katikati, na sehemu ya pili ilitoka Novemba 2025. Pushpa 2 ni mwendelezo. Asiyeiona ya kwanza ataingia katikati ya ugomvi asioujua chanzo chake. Mufasa yaeleza habari za kabla ya The Lion King, na mgeni aweza kuifuata toka mwanzo. Tangazo fupi nalo lisiaminiwe kupita kiasi. Hukatwa kutoka mahali patamu pa picha, kama muuza machungwa awekavyo mazuri juu ya fungu. Afadhali kumwuliza mtu aliyekwisha kuitazama.

UAMUZI

Mizani ilipokwisha kutumika, zilibaki Moana 2 na Mufasa. Moana 2 ilikuwa imekaa zaidi ya mwezi, na maonyesho yake yangeweza kuwa machache. Mufasa ilikuwa mpya, lakini siku ya Krismasi yenyewe viti vingejaa. Mama akasema waende Jumatatu, tarehe 30 Desemba, asubuhi. Mvulana alipewa kazi ya kutafuta ratiba, kuuliza bei na kununua tiketi kwa simu. Kazi hiyo ilimpendeza, na manung'uniko yakaisha.

Jambo moja tu lilibaki. Susu hajui Kiingereza, na picha ilikuwa ya Kiingereza. Msichana wa miaka 11 aliketi kando yake ili amweleze. Lakini mara susu alisikia majina anayoyajua: Rafiki, Pumbaa, Simba. Kisha akasikia wanyama wakitaja nchi nzuri wanayoitafuta, iitwayo Milele. Akamwinamia mjukuu wake na kunong'ona, "Wamefika?"

"Bado, susu."

"Basi usinieleze. Nitawangoja pamoja nao."

Ni kweli kwamba lugha ya picha nayo ni jambo la kupimwa, hasa pakiwa na wazee. Lakini picha iliyochaguliwa vema husema mengi bila maneno, na mtu wa kuketi kando ya mzee husema yaliyobaki.

Kwa hiyo, Desemba ijapo, kila jamaa iulize mambo hayo matano kabla ya kupanda gari: inamfaa nani, itakwisha saa ngapi, safari nzima ni kiasi gani, yahitaji pazia kubwa, na ni hadithi kamili. Ikiwa hakuna picha inayopita mizani hiyo, fedha na ikae. Watoto waweza kupanda mlima wa Lukenya, na karo ya Januari itawakuta wazazi hawana deni.